Ng'ombe Aliyekuwa Alipie Figo Langu

Huu ni mwaka wa tano watu wa Majengo wananisalimia kwa afya ya mtu mwingine. Nikitoka asubuhi kwenda shuleni, mama anayeuza makala, makaa ya kupikia, ananiita: "Madame, ndugu yako anaendelea?" Namjibu anaendelea. Mbele kidogo, kwenye kona wanapotengenezea tshukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mzee wa kanisa letu ananisimamisha: "Na ule kijana wetu, dawa anapata?" Namjibu anapata. Mpaka nifike darasani nimeshatoa habari za ndugu yangu mara tatu au nne, na hakuna aliyeuliza mimi nimeamkaje. Siwalaumu sana. Wananiona natembea, napaza sauti, nagombana na wazazi wanaochelewesha watoto. Mgonjwa hawezi kuwa na mdomo kama wangu.

Lakini siku ile tulikatwa wawili, na kovu langu ni refu kuliko lake.

Ndugu yangu ni mdogo wangu wa pekee. Alikuwa mfanyabiashara wa jibini, zile za duara zinazoshuka kutoka Masisi, na alikuwa na nguvu za kubeba kreti mbili kwa mkupuo. Kisha mafigo yake yalikufa, yote mawili, katika muda usiozidi mwaka mmoja. Tulipimwa watu watano wa ukoo. Wawili damu haikulingana, mmoja alikuwa na kisukari, wa nne alisafiri ghafla kwenda Kampala na simu yake ikazimika. Nikabaki mimi, mwalimu wa mwaka wa pili wa shule ya msingi, mjane, binti yangu mmoja ameolewa Kisangani. Muganga wa hospitali alianza kunieleza hatari zake nikamkatiza, nikasema ndiyo. Nina tabia hiyo, najibu haraka halafu nafikiria nikiwa njiani kurudi.

Kanisa lilichanga, ukoo ulichanga, yeye akauza kiwanja, tukapelekwa Uhindi. Sina mengi ya kusema kuhusu Uhindi. Nakumbuka dari nyeupe na chai yenye viungo, na kwamba nilipozinduka niliuliza kuhusu yeye kabla ya kuuliza kuhusu mimi. Hilo nalikumbuka kwa sababu baadaye nilijiambia: hata wewe mwenyewe ulianza hivyo, basi usishangae wengine.

Siku ya kuondoka tulipewa karatasi. Za ndugu yangu zilijaa faili nzima, na za rangi tofauti: dawa za asubuhi, dawa za jioni, za kuzuia mwili usilikatae figo langu, za kuzuia zile dawa zisimdhuru. Yangu ilikuwa karatasi moja. Mkalimani alinisomea: ninywe maji mengi, nisimeze vidonge vya maumivu ovyo, na kila mwaka, maisha yangu yote, nipimwe shinikizo la damu, mkojo, na damu yenyewe kuona kama figo lililobaki linachuja vizuri. Nikauliza nani atalipia vipimo hivyo. Mkalimani akamuuliza daktari, daktari akatabasamu, akajibu kwamba mimi si mgonjwa, ni mtu mwenye afya njema, ndiyo maana walinichagua. Nilitabasamu na mimi. Ilikuwa sifa, na mimi napenda kusifiwa.

Tuliporudi Goma, ukoo ulikutana nyumbani kwa ndugu yangu, mtaa wa Keshero. Jambo la kwanza lilikuwa dawa zake, na hilo lilimalizika haraka: kila mtu mwenye kazi atatoa kitu kila mwezi, na shemeji yangu, mke wake, ndiye atakayepokea. Hata mimi niliandikwa, maana nilikuwa na mshahara. Hakuna aliyeona ajabu, wala mimi. Kisha shangazi yetu, dada wa baba, ambaye tangu baba afariki ndiye anayesema neno la mwisho, akageuka akanitazama.

"Na huyu?" akauliza. "Huyu tutamufanyia nini?"

Mtu mmoja akataja pesa. Shangazi akamkatiza.

"Mutu hawezi kulipa figo. Ukilipa, umeinunua. Apewe ngombe."

Inabidi nieleze hapa, kwa msomaji asiyetoka vilima vyetu. Sisi ni watu wa Masisi, tunazungumza Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili barabarani, na kwetu hakuna shukrani inayozidi ng'ombe. Lakini aliyepewa ng'ombe anaingia katika utaratibu. Anasimama mbele ya watu na kumshukuru aliyempa, kwa sauti, akitaja wema wake. Ng'ombe akizaa jike la kwanza, analirudisha kwa aliyempa. Wakikutana au wakipigiana simu, aliyetoa anauliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watoto. Na ng'ombe yule akifa, aliyepewa lazima aende mwenyewe kutoa habari, upesi, na aliyetoa akiwa muungwana humfariji kwa kumpa mwingine. Kwa hiyo kutangaza kifo cha ng'ombe, kwetu, ni sawa na kunyoosha mkono. Nayaandika kwa kirefu kwa sababu balaa yangu yote imo humo.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, lazima nikiri. Ng'ombe angekaa milimani kwa mchungaji tunayemfahamu, mtu mwaminifu ambaye baba yake alichunga ng'ombe wa baba yetu. Ndama dume tungeuza, na kila mwaka ndama huyo, au maziwa ya mama yake, yangelipia vipimo vyangu. Shangazi alikuwa amefikiria mbali kuliko daktari wa Uhindi.

Basi siku ya sherehe nilivaa kitenge kipya. Watu walikunywa kasiksi, ile bia yetu ya ndizi, na ndugu yangu alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa kitambaa cha mdomo, na hakuna aliyeruhusiwa kumkaribia, maana dawa zake zinaufungulia mwili magonjwa. Nikasimama nikamshukuru, maana ng'ombe alitoka kwake. Nilimshukuru kwa ukarimu wake, kwa moyo wake mkubwa, nikasema amenitoa katika unyonge. Jeraha langu lilikuwa bado linanivuta nikisimama wima. Watu walipiga makofi, na kuanzia dakika ile mimi ndiye niliyekuwa nimepewa. Usiku ule sikukasirika. Hasira ilikuja miezi baadaye, nikiwa napiga pasi, nikaiacha pasi mpaka ikaunguza shati.

Mwaka wa kwanza ng'ombe alizaa dume. Tuliliuza, nikapimwa kila kitu, fundi wa maabara akaniambia figo langu linafanya kazi ya mawili. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijisikia mtu. Mwaka wa pili akazaa jike. Nilimpigia ndugu yangu nikamwambia jike lako limezaliwa, likikua kidogo nitakuletea. Alicheka, akafurahi, akasema atamwita kwa jina la mama yetu.

Kisha vita vikashuka milimani. Sitaeleza vita, kila mtu hapa ana vyake. Mchungaji wetu nilimpata Mugunga, kambini kwa wakimbizi, baada ya kumtafuta Jumamosi tatu mfululizo kati ya mahema. Alikuwa amekonda. Alinyanyuka, akaingia ndani ya hema lake, akatoka na kamba. Akaniwekea mikononi.

"Mama, njo ile imebakia," akasema. "Mukubwa balimupiga risasi, bakamukula pale pale. Mudogo bakaenda naye. Miye nilikimbia na kamba mukononi, sijue juu ya nini."

Alilia. Nilimpa nauli niliyokuwa nimebeba, nikarudi Majengo kwa miguu, kamba ndani ya mfuko wa kitambaa.

Nilipaswa kwenda Keshero wiki ile ile. Nilipanga kwenda. Nilijiandaa maneno, nikayafanyia mazoezi mbele ya sufuria. Na kila nilipoyasema niliyasikia jinsi yatakavyosikika: ng'ombe amekufa, nipe mwingine. Nimwambie hivyo mtu anayekunywa vidonge kumi na kitu kwa siku, aliyeuza kiwanja, ambaye biashara yake ya jibini ilikufa barabara ilipofungwa? Aibu ilinishika. Nikasema nitakwenda mwezi ujao.

Jumapili ile ndugu yangu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nzuri, yenye nguvu, nguvu ambayo naijua ilikotoka.

"Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "ngombe ziko muzuri?"

Nikajibu, "Ziko muzuri."

Ilinitoka yenyewe, maana ni jibu la salamu, kama mtu anavyosema mzima hata akiwa na homa. Lakini likishasemwa halirudi. Jumapili iliyofuata akauliza tena, nikajibu tena. Kwa miaka miwili nilimlisha ndugu yangu ng'ombe aliyekufa. Baada ya muda simu zikapungua. Zikawa mara moja kwa mwezi, fupi, na nilipoenda kumwona Noeli alinisalimia vizuri lakini macho yake hayakukaa usoni mwangu. Nikadhani amechoka na mimi. Nikadhani ndivyo watu walivyo, wakishapata wanachotaka.

Na miaka ile miwili sikupimwa. Mshahara wa walimu ulikuwa haueleweki, na benki zilipofungwa ukawa hadithi. Tuliishi kwa kile wazazi walicholeta, na wazazi wenyewe walikuwa wakimbizi au walikuwa wanalisha wakimbizi. Lakini kila mwisho wa mwezi, kwenye kundi la ukoo katika simu, sauti ya shemeji yangu ilikuja: jamani, kotizasio, mchango wa dawa, tusimwache ndugu yetu. Na mimi nilitoa. Kidogo, lakini nilitoa, hata mwezi ambao nilikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Nilikuwa nalipia figo langu moja, lile lililokwenda Keshero. Lile lililobaki na mimi Majengo halikuwa na mtu.

Nilijitunza kwa maji, maana maji nilikuwa nayo. Watoto wangu wa mwaka wa pili walinizoea na chupa yangu. Nikisahau kunywa wananikumbusha, "Madame, mayi!", wote arobaini na kitu kwa pamoja, na mimi nakunywa, na kila saa nakwenda chooni, na mkurugenzi wa shule ananitazama kama mtu anayekwepa kazi. Sikumweleza. Ukieleza mara moja, utaeleza kila siku.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, kichwa kilianza kuniuma nyuma, karibu na shingo. Jioni viatu vilinibana. Siku moja nikiwa ubaoni naandika hesabu za kutoa, damu ilinitoka puani ikadondoka juu ya chaki. Mtoto mmoja wa mbele akaanza kulia. Nilimwambia anyamaze, nikafuta, nikaendelea kuandika, na sikumbuki niliandika nini.

Muganga wa kituo chetu cha afya ni kijana, anaongea polepole. Alinifunga mkononi kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, akapima, akafungua, akafunga mkono wa pili, akapima tena.

"Mama, tansio iko juu sana," akasema. Kisha akaona kovu nilipokuwa navuta blauzi. "Hii ni nini?"

Nikamwambia.

Aliweka kalamu chini. "Uko na figo moja na tansio namna hii? Nani anakufuataka?"

Alimaanisha nani ananifuatilia, daktari gani ana faili yangu. Nilifungua mdomo nijibu, sikupata jina hata moja. Nilitaka kumgombeza, nimwulize anadhani mwalimu anapata wapi pesa za kufuatwa, lakini nikaishia kufunga vifungo vya blauzi. Nilijisikia mpweke pale kwenye kitanda cha plastiki kuliko siku niliyomzika mume wangu, kwa sababu siku ile watu walikuja.

Alinipa vidonge vya mwezi mmoja kutoka kwenye kabati lake. Akaniandikia vipimo vya maabara, akaniambia nisivicheleweshe, maana tansio hiyo inaweza kulimaliza figo lililobaki, au labda figo lenyewe limeanza kuchoka na ndilo linaloleta tansio. Bila kupima hawezi kujua. Na baada ya hapo, kila miezi mitatu. Na vidonge, kila siku, labda mpaka mwisho. Akauliza kama nina familia.

"Ninayo," nikasema. "Ni kubwa sana."

Jumapili baada ya ibada nilichukua ule mfuko wa kitambaa wenye kamba, nikapanda pikipiki kwenda Keshero. Njia nzima motari alinisimulia habari za mpira na sikusikia neno. Nilikuwa nimekaza roho: leo nasema. Nikishindwa leo, nitashindwa mpaka walete machela.

Shemeji yangu alinipokea mlangoni kama siku zote: sabuni kwanza, kitambaa cha mdomo, kiti cha karibu na dirisha. Ana saa za kengele tatu zilizopangwa kwenye kabati, kila moja kwa dawa yake. Mikono yake imekwaruzika kwa kuosha na kuchemsha. Ndugu yangu alikuwa amekaa na gazeti la zamani, amenona kidogo mashavuni kwa sababu ya dawa, na aliponiona alisita kabla ya kutabasamu.

"Yaya, karibu. Ngombe ziko muzuri?"

Nikatoa kamba, nikaiweka mezani, juu ya kile kitambaa cheupe kilichofumwa.

"Alikufa," nikasema. "Na mutoto wake balimubeba."

Shemeji aliacha kufuta glasi. Ndugu yangu aliiangalia kamba bila kuigusa.

"Tangu lini?"

"Myaka mbili."

"Myaka mbili." Aliondoa kitambaa chake cha mdomo, kitu ambacho hafanyi mbele ya wageni. "Kila Jumapili nilikuuliza. Kila Jumapili ulinijibu."

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Miye nilizani umekatala kuniletea ule mutoto juu unajuta." Sauti yake ilipanda. "Nilizani unajuta kunipatia figo. Nilisema, yaya ananinyima ngombe juu anataka nielewe bila ye kusema. Njo maana nilikatisha kupiga simu. Niliogopa siku moja utaniambia."

Mtu mwingine angesema sijajuta hata siku moja. Lakini nilikuwa nimedanganya miaka miwili na ulimi ulikuwa umechoka.

"Siku zingine najuta," nikamwambia. "Si juu yako. Najuta juu hakuna mutu ananiuliza. Hata we haukuniuliza afya yangu, ni ngombe tu."

Akainamisha kichwa. Nikamweleza yote: kichwa, miguu, damu ubaoni, yule muganga na vipimo alivyonipangia Ijumaa, kisha kila miezi mitatu, na kwamba sina pesa za kulipia. Nilisema haraka haraka kama mtoto anayesoma shairi asilolielewa. Nilipomaliza alinyoosha mkono akaishika ile kamba, na nikajua anachotaka kusema kabla hajasema, kwa sababu tumelelewa nyumba moja.

"Ntakupatia ingine. Kilima ikifunguka tu, ntakupatia ingine."

"Sitaki ngombe," nikasema. "Ngombe anakufaka. Niweke kwenye kotizasio. Zako na zangu, pamoja."

Ni shemeji aliyejibu. Alisema taratibu, akitazama glasi mkononi mwake, na najua ilimgharimu kusema.

"Yaya, usikasirike. Batu banaleta kidogo sana sasa. Dawa zenyewe zinapita mupaka kwa shida, na bei inapanda kila siku. Tukigawanya, zake hazitafika mwisho wa mwezi. Akikosa siku tatu tu, ile figo yako inaharibika. Tutakuwa tumepoteza zote mbili."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ulikuwa unaniacha nje. Nimemchukia mwanamke huyu mara nyingi, lakini siku ile sikuweza. Yeye alikuwa anahesabu vidonge vya mume wake, na mimi kama ningekuwa na mume ningehesabu hivyo hivyo. Ndugu yangu alisema, "Tutaona." Nikanywa chai, nikaaga. Kamba ilibaki kwake.

Tutaona. Nilirudi na neno hilo Majengo, nikavua viatu vilivyobana, nikakaa kwenye kitanda. Kwetu tutaona ni mlango unaofungwa polepole ili usipige kelele. Nililia, halafu nikakasirika kwa kulia, halafu nikasahihisha madaftari.

Jumatano, wakati wa mapumziko ya saa nne, simu ilitetemeka. Kundi la ukoo. Nilijua ni kotizasio, nikataka kuiacha, halafu nikaona ni sauti ya ndugu yangu, si ya mke wake. Yeye haongei humo kamwe, anaona aibu kujiombea. Nilisogea nyuma ya darasa, kwenye ukuta wa mawe meusi, nikaweka simu sikioni.

"Bandugu," alisema. "Ngombe ya yaya balimukula tangu myaka mbili. Ye hakusema, na miye sikuenda kuangalia. Ye anagonjwa. Kuanzia mwezi hii kotizasio ni ya mafigo mbili, ile iko kwangu na ile ilibakia kwake. Mwenye kuongeza, aongeze. Kama hakuna mwenye kuongeza, tutagawanya ile iko. Ni hivyo."

Nilingoja majibu. Watu thelathini na wawili wapo katika kundi lile. Mpwa mmoja aliyeko Bukavu aliandika kwamba ataongeza. Binti yangu, kutoka Kisangani, aliniuliza pembeni, "Mama, mbona hukuniambia?" Shangazi alituma sauti fupi: ng'ombe alitolewa, mambo yalimalizika mbele ya watu, yeye hajui desturi hizi mpya. Wengine walinyamaza. Niliitazama ile orodha ya majina ya watu walioisikia na kunyamaza, majina ya watu niliowabeba mgongoni wakiwa wachanga. Kengele ikalia nikarudi darasani.

Ijumaa nilikwenda maabara. Sikuwa na uhakika wa chochote. Nilikuwa nimekopa kwa mkurugenzi, ambaye hatimaye nilimweleza habari za chupa na choo, na aliona haya kuliko mimi. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa, na nilisimama kwenye foleni nikiwa na chupa yangu mkononi.

Nikasikia watu wanasogea nyuma yangu, kama wanavyosogea mgonjwa mkubwa akipita. Alikuwa ndugu yangu. Amevaa kitambaa cha mdomo, kofia, koti zito, faili lake la rangi rangi kwapani, na jasho linamtoka. Amekuja kwa pikipiki kutoka Keshero, yeye asiyeruhusiwa hata kwenda sokoni, katikati ya watu wanaokohoa. Nilitaka kumfukuza.

"Unafanya nini hapa? Utashika magonjwa."

"Nyamaza," akasema.

Dada wa mapokezi alikuwa ameshamwona. Alisimama, akamwonyesha kiti cha mbele. "Papa, pita huku. Wagonjwa kwanza." Kisha akaniangalia mimi, na chupa yangu, na kibegi changu. "Gardimalade angoje inje, mama. Chumba imejaa."

Ndivyo nilivyoandikwa miaka mitano hii, kila tulipokwenda naye hospitali: msindikizaji wa mgonjwa, yule anayebeba begi. Nilianza kugeuka, kwa mazoea, miguu yenyewe ilishaelekea mlangoni.

Ndugu yangu alinishika mkono.

"Hapana, dada," akamwambia yule wa mapokezi. "Mugonjwa ni ye. Miye nimemusindikiza tu."

Yule dada alitutazama kwa zamu, akafuta kitu kwenye karatasi yake, akaniuliza jina langu. Nililitaja. Nikaingia, wakatoa damu, nikakojoa kwenye kikopo, nikatoka. Ndugu yangu alikuwa nje, kwenye benchi la ukutani, mahali penye upepo, mbali na watu. Kibegi changu kilikuwa juu ya magoti yake, na chupa yangu ya maji ameishika kwa mikono miwili.

Nikakaa kando yake. Majibu yangetoka baada ya saa mbili. Shemeji alimpigia simu mara mbili, hakupokea. Sisi wawili si watu wa kukumbatiana. Alinipa chupa, nikanywa. Baadaye, akiangalia mbele, barabarani, kwa sauti ile ile ya Jumapili, akauliza:

"Yaya, figo iko muzuri?"

Jibu la salamu lilinijia mdomoni, lile la siku zote. Nikalimeza.

"Sijui," nikamwambia. "Tungoje."